Nyumbu wa Baba Nasra

Kabla sijasema neno juu ya mti, nivitaje kwanza vitu vilivyotoka nyumbani mwangu kwa ajili yake, visirudi, au vikarudi havifai tena. Lihafu la wageni, lile la maua ya buluu tulilotunzwa harusini. Mashine yangu ya kukaushia nywele. Penseli mbili za wanja. Chupa tatu za mpira za maji ya moto, moja ya mwanangu Salum, ina sura ya kondoo. Mfuniko wa sufuria ya pilau. Waya wa umeme wa mita 20. Na pauni 140, ambazo kwa miezi minane nilijua ni 40, kwa sababu nilipomwuliza mume wangu bei alikohoa pale penye "mia na".

Tunakaa Northampton, katikati ya Uingereza, mji ambao ukitaka kuiona bahari lazima ufunge safari. Mume wangu, Baba Nasra, ni Mpemba wa Wete. Mama yake alishikwa na uchungu wa kumzaa huku akipiga usumba, na mimi huamini kwamba mambo yote haya yalianzia hapo. Mwaka 2019 tulihama fleti tukapata nyumba yenye uwanja nyuma, hatua kumi na nne kwa tisa. Mtu mwengine angeweka viti na jiko la mishikaki. Yeye alisimama kwenye majani, manyunyu yanamnyea, akasema, "Hapa pana pengo." Nikadhani anasema uzio, maana kweli ulikuwa na pengo, na mpaka leo unalo.

Alianza na mnazi wenyewe. Huku miche ya minazi inauzwa kwenye vyungu kama pambo la sebule, inaoteshwa katika mabanda ya vioo Uholanzi: nazi nzima na makumbi yake imelazwa, nusu imezama udongoni, makuti matatu manne yamesimama juu. Akauweka pembeni mwa rejeta. Sasa, mnazi unataka joto la nyuzi 27 hivi mwaka mzima, jua la kuunguza na hewa yenye unyevunyevu. Sebule yetu mwezi wa Januari ina nyuzi 18, mchana wenye urefu wa saa nane tu, usio na jua, na hewa ya rejeta inayopasua midomo. Baba Nasra akawa anaunyunyizia maji kila baada ya sala. Ukuta ukaota ukungu, mnazi ukakauka. Mama yake alipouona kwenye simu alisema, "Mwanangu, mnazi haufungiwi chumbani. Si mzazi aliye kwenye arubaini."

Tuliuzika Machi. Kifuu alichukua Salum akafanya meli.

Mti wa pili haukuwa wetu. Ulikuwa wa Babu Jirani, mzee wa Kiingereza, fundi bomba mstaafu, mgane, ambaye uwanja wake na wetu unatenganishwa na ule uzio wenye pengo. Tangu tuhamie nilikuwa nikiuona bila ya kuutazama: mti wa kimo cha ghorofa moja, kichwani una majani ya duara kama upepeo, na shina lake lote limevaa nywele. Siku moja nikasogea. Zile si nywele. Ni nyuzi za kahawia zilizosukana kama gunia lililofumwa na mlevi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limetoka kwenye kitako cha jani lililokwisha kufa. Nikampigia mavyaa nikamwonyesha. Hakuuliza ni mti gani. "Hicho kilifu," alisema. "Nani kauvisha kilifu mti mzima?"

Ni mti wa Uchina. Wachina wamesokota nyuzi zake kamba na kushonea makoti ya mvua, na jina lake la kitaalamu, Trachycarpus fortunei, limetokana na Robert Fortune, yule yule Mskoti aliyeitoa miche ya chai Uchina kwa mlango wa nyuma akaipeleka India. Mwaka 1849 aliituma miti hii Kew, London, na kwenye bustani ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Kwa usiku mmoja mmoja inavumilia hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Babu Jirani alisema wake ulisimama Desemba ya 2010 yote, Desemba yenye baridi kuliko zote katika kumbukumbu za nchi hii tangu 1910, mabomba ya mtaa mzima yakipasuka na yeye akilipwa saa za ziada. Akampa mume wangu mche bure.

Baba Nasra aliupokea kwa adabu, akaupanda pembeni mwa pipa la taka, na hakuutazama tena. (Nautaja kwa sababu upo. Hakuna aliyewahi kuufunika hata kwa gazeti. Sasa unanifika begani.)

"Jani lake upepeo," aliniambia. "Mimi nataka kuti."

Na hapo ndipo gharama zilipo. Ukoo wa mnazi una pande mbili: wenye majani ya upepeo, kama mkoche na mvumo, na wenye makuti, kama mnazi wenyewe, mtende na mchikichi. Wanaostahimili baridi kali karibu wote wako upande wa upepeo. Upande wa makuti ni watu wa joto. Wagumu ni wa kuhesabu, na mmojawapo aliye mgumu hasa ni mti wa Chile uitwao Jubaea.

Jubaea uliingia kwetu mwaka 2020, watu wote tumefungiwa ndani, kwa njia ya bahasha. Mbegu kumi. Nilizimimina kiganjani nikanyamaza. Kila moja kubwa kama gololi, duara, gamba gumu la kahawia, na upande mmoja macho matatu. Nazi. Nazi kamili, ila imepungua ikafika ukubwa wa kuchezewa. Baba Nasra alizitia kwenye mfuko wenye udongo mbichi, akauweka kwenye kabati la taulo pembeni ya tangi la maji ya moto, akasema zitaota baada ya miezi sita, au kumi na minane. Salum aliiba moja, akaivunja kwa nyundo, akajaribu kuikuna kwenye mbuzi yangu. Alikikuna kidole zaidi kuliko nazi, lakini kipande nilichokinusuru nilikionja. Ni nazi kweli, tamu, ina mafuta, ya kupikia wali wa mwanasesere.

Kisha mume wangu akasoma mbele. Jubaea hauna haraka. Miongo inapita majani yanatoka chini tu, shina halijaonekana. Ule wa Kew, uliooteshwa kwa mbegu miaka ya 1840, uliishi zaidi ya miaka 160 mpaka kichwa kikafika kwenye paa la jumba la vioo, ukaja kukatwa jumba lilipokarabatiwa. Baba Nasra ana miaka 47 na sukari kidogo. Nilimkuta amekaa kitandani anahesabu kwa vidole. Nikamhadithia mavyaa ili tumcheke pamoja, na nikaongeza na habari ya Charles Darwin, ambaye alipopita Chile mwaka 1834 aliwakuta watu wakiiangusha miti hiyo kwa wingi, kisha kila asubuhi wanaichonga kichwani ili utomvu utiririke kwa miezi, wanauchemsha uwe kama asali. Mavyaa hakucheka. "Wanaukata? Mgema gani anayeukata mnazi? Mwakani atagema ukuta?"

Mbegu tisa zilizobaki zimo kabatini mpaka leo. Kila nikitoa taulo huzichungulia.

"Mama Nasra," akaniambia usiku mmoja ninachambua mchele, "nimepata nyumbu."

"Wa Serengeti?"

"Wa punda na farasi. Mti."

Akanieleza, na nikiri kwamba alieleza vizuri. Ndiyo siku pekee mti uliponivutia bila ya kunigharimu kitu. Mama wa nyumbu huyo ni Butia, wa kusini ya Brazili na Uruguay: mfupi, mnene, makuti ya rangi ya jivu yaliyojipinda kurudi shinani, anavumilia kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Baba yake ni Syagrus, mrefu, makuti mororo yanayopepea, anayepandwa mabarabarani kule Florida, na ambaye baridi kidogo humlaza kitandani. Wote wawili, na Jubaea pia, wataalamu wa zamani waliwaandika kwa jina moja na mnazi, Cocos. Baadaye wakawatoa mmoja mmoja mpaka mnazi ukabaki peke yake katika jina hilo. Baba Nasra aliishika habari hii kama cheti cha kuzaliwa. "Ni binamu, Mama Nasra. Binamu wa damu."

Waliowaoza wawili hao ni ukoo wa Nabonnand, wakulima wa mawaridi wa Golfe-Juan, kusini ya Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, na harusi yenyewe ni kazi ya mikono. Karara la Butia likipasuka, shada moja lina maua madume na majike yamechanganyika. Unayakata madume yote kwa mkasi, maelfu kwa maelfu, kabla hayajafunguka, maana hao ni kaka zake bibi harusi na hawatakiwi chumbani. Unalivika shada mfuko ili nyuki wasilete bwana wanayemtaka wao. Siku majike yakiwa tayari unavua mfuko, unayapaka chavua ya Syagrus kwa brashi. Mtoto anachukua urefu wa baba na ugumu wa mama, anakua mbio, na kama nyumbu mwengine yeyote, hazai. Mbegu zake karibu zote ni tupu. Kwa hiyo kila mche unaouzwa, mtu amesimama na mkasi kwa ajili yake, na ndiyo sababu ya bei.

"Bei gani?"

Akakohoa.

"Na Mama umemwambia kuwa hauzai?"

"Tutamwambia," alisema, na akaniachia hiyo "tu" hewani.

Nyumbu aliwasili Aprili 2021 ndani ya boksi refu kuliko Salum. Hatukuwepo, mleta mizigo akamwachia Babu Jirani, naye akalipitisha kwenye pengo la uzio. Tukachimba. Udongo wa kwetu ni mfinyanzi wa kufinyangia vyungu. Shimo lilijaa maji usiku mmoja likakaa nayo siku nne, Salum akaleta ile meli yake ya kifuu. Babu Jirani akachungulia juu ya uzio. Akasema mti huu unaweza kupambana na baridi, na unaweza kupambana na maji, lakini vikija pamoja mizizi inaoza. Tuupande juu, si chini. Magunia sita ya changarawe na mchanga, kichuguu cha kimo cha goti, na kwa kuwa upande mmoja kuna kamba ya nguo na upande wa pili njia, kichuguu chenyewe kikatoka kirefu, chembamba, kimelala. Jioni ile mavyaa akapiga simu ya video, kamera ikapita dirishani. Akanyamaza. Halafu:

"Nani kafa?"

"Hakuna, Mama. Ni mti."

"Mmeuzika mti?"

Baridi ya kwanza ilipita bila ya maneno. Baba Nasra aliyainua makuti yote akayafunga kwa kamba yakawa fungu moja, kisha akauzungushia kile kitambaa chepesi cheupe wanachofunikia mimea huku, kutoka chini mpaka kichwani, akapiga fundo juu. Kitu cheupe, kinamfika mtu kimo, kimesimama juu ya kaburi. Niliamka kunywa maji saa tisa usiku nikarudi kitandani na kiu yangu. Mavyaa alipokiona alisoma "Inna lillahi" mpaka mwisho kabla hatujamwahi.

Desemba ya 2022 ndiyo iliyotukuta. Kuanzia kama tarehe 7 baridi ilishuka ikakaa siku kumi. Kipimajoto cha dirishani kikasoma nyuzi 8 chini ya sifuri. Sakitu, ule umande ulioganda, ilibaki juu ya majani mchana kutwa, ukikanyaga unasikia kama unakanyaga kaukau. Na huo ndio mwaka bei ya umeme ilipopanda ikafika peni 34 kwa yuniti. Ndani tulikuwa tumeshusha joto mpaka 17, watoto wamevaa soksi mbili mbili.

Watu wa miti hii wana hila yao: unazungusha taa ndogo ndogo za mapambo kwenye mti, chini ya kitambaa, na joto lake dogo linatosha kuuokoa moyo. Baba Nasra akachukua taa zetu za Ramadhani. Siku mbili nyumbu akawaka kijani na dhahabu kama duka la sonara. Siku ya tatu Babu Jirani akagonga mlango, akatoka nje, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaishika globu moja kwa vidole, akatikisa kichwa. Hizi ni za kisasa, alisema, zinamulika tu, hazipashi hata mdomo wa mbu. Globu za zamani ndizo zilizokuwa na faida hiyo, kwa sababu zilipoteza umeme mwingi kuwa joto. Akapanda darini kwake akatuletea sanduku la taa za Krismasi za marehemu mkewe, zimezungushwa kwenye kadibodi kwa uangalifu wa mtu aliyejua atazihitaji mwakani.

Nilipiga hesabu. Wati 100, saa kumi na mbili, peni 41 kila usiku.

"Si nyingi," alisema Baba Nasra.

"Si nyingi," nikamwambia, "ila mimi napika nimevaa koti."

Tarehe 14 Moroko ilikuwa ikicheza na Ufaransa, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tulikuwa na wageni kumi na mmoja, viatu mlangoni kama msikitini. Bao la Ufaransa liliingia dakika ya tano, na tangu hapo sebule nzima ilikuwa ikisukuma mpira pamoja na Moroko. Birika linachemka, sambusa zimo ovenini, hita ndogo inawaka kwa heshima ya wageni, na waya wa mita 20 umetoka nyuma ya televisheni, umepita dirisha la jikoni, umekwenda kwa nyumbu. Kule nje sakitu ilikuwa imeingia kwenye maungio ya waya. Joto la taa likaiyeyusha. Maji yakakutana na umeme, na dakika za mwisho mwisho, Moroko wanapanda, nyumba ikazima yote.

Sitaandika waliyoyasema. Mmoja akafungua simu, akatuarifu kwamba la pili limeingia.

Kila tukiinua swichi kuu inaruka. Wanaume wakatoka nyuma na tochi za simu kutafuta kosa, na hakuna aliyekuwa amewaeleza habari za mti. Nilisikia mlango, nyayo kwenye sakitu, kisha sauti ya mtu mzima mwenye wajukuu ikipanda mpaka ikawa nyembamba kama ya Salum. Alirudi ndani kabla ya wenzake, mguu mmoja hauna kiatu. Walipoelewa, walicheka, wakapoa, na mmoja wao, msomi, akauweka mkono juu ya kile kitambaa akasema mti huu ndio sisi hasa, damu ya huku na damu ya kule. Nikamwambia sisi usiku tunalala ndani.

Wageni waliondoka. Tuliuchomoa waya wa nje, umeme ukakaa, lakini nyumbu sasa hakuwa na taa, na usiku ndio kwanza unaanza kuwa mkali. Saa saba nilishuka nikakuta jikoni baridi kama nje, dirisha wazi, na kule bustanini Baba Nasra amevaa kikoi juu ya suruali ya kulalia na kofia ya sufu, anaupulizia mti kwa mashine yangu ya nywele, pole pole, kutoka chini kwenda juu, anavyokaushwa mtoto. Mashine ikanuka, ikatoa cheche moja, ikafa mkononi mwake. Hatukusemezana. Alipita mbele yangu, akapanda juu, akashuka na lihafu la wageni. Alilizungusha mara mbili, akalifunga kwa mkanda wa suruali, ndani yake akatia chupa za maji ya moto. Chupa hizo nilizijaza mimi, na nilizijaza tena saa kumi. Nadhani nilimhurumia yule kondoo.

Tarehe 18 hali ya hewa iligeuka ghafla, joto likapanda, mvua ikaja. Nyumbu alionekana mzima. Tukafurahi, tukamwacha na lihafu lake mpaka Mwaka Mpya, pamba yote imelowa, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye atakayelitoa.

Mavyaa alikuwa ametueleza tangu zamani, tukasikia kama hadithi. Mwembe ukiukata tawi unatoa mawili. Mnazi hauna tawi. Una moyo mmoja tu juu kabisa, kichilema, laini kama jibini, na kila kuti litakalokuwepo maishani mwake lazima litokee hapo. Ndiyo maana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, akishafika hapo umekwisha. Shina linasimama miezi kama mtu hajapewa habari. Binamu zake wote wako hivyo hivyo.

Februari Babu Jirani akaja kutazama. Katikati ya makuti pana moja ambalo halijafunguka, limesimama wima, limekunjamana kama mwavuli. Alilishika kwa vidole viwili akalivuta kidogo, unavyojaribu uzi kama umekaza. Jani likamfuata. Likatoka lote, urefu wa mkono, bila ya ubishi. Upande wa juu kijani kizuri. Chini, mahali lilipokuwa limeshika, rangi ya kahawia, utelezi, na harufu ya chicha iliyosahauliwa ndooni siku tatu. Baba Nasra alilipokea kwa mikono miwili.

"Baridi?" aliuliza.

Babu Jirani akaenda kwenye uzio nilipokuwa nimelianika lihafu, wiki ya saba hiyo, akalikamua pembe moja. Maji yakatoka. "Baridi si kitu," alisema. "Hili."

Lihafu lilikuwa langu, na ningeweza kusema mengi. Nilitia birika motoni.

Dawa ilikuwa na mabaraza mawili. Mavyaa alisema chumvi, jivu na mchanga kwenye moyo, kama wafanyavyo kwa chonga. Babu Jirani alisema chumvi hapana, kabisa. Twende dukani tukanunue ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Mwuza dawa akamwuliza mume wangu ni kwa ajili ya sikio au nywele. "Moyo," alijibu, na ikabidi aeleze. Aliimimina ndani ya tundu lililoachwa na jani, ikafoka kwa mluzi mdogo, povu likapanda na vipande vyeusi juu yake. Kila siku ya tatu akarudia, mpaka povu likawa jeupe, mpaka halikupanda tena. Juu ya fito tatu akauweka mfuniko wa sufuria ya pilau ili mvua isiingie. Pilau ya Idi mwaka ule niliifunika kwa sinia.

Kuna njia ya kujua kama moyo u hai bila ya kusubiri. Chini ya tundu hubakia kisiki cha jani, na kando yake kitako cha jani la zamani ambalo halikui tena. Unachora mstari mmoja unaopita juu ya vyote viwili. Cha ndani kikikua, mstari unakatika. Kalamu ya kawaida mvua iliifuta siku ya pili. Ndipo Baba Nasra alipogundua kwamba wanja wangu, wa pauni tisa, haufutiki kwa maji.

Machi mstari ulikuwa mmoja. Aprili ulikuwa mmoja, na yeye akaacha kwenda. Alianza kuongea habari za viti na jiko la mishikaki, kwa sauti ambayo sikuipenda. Mimi kamba yangu ya nguo iko pale pale, kila siku napita. Katikati ya Mei, nina shuka begani na pini mdomoni, nikaona mstari una kidaraja. Upana wa ukucha, si zaidi. Sikumwambia. Macho yangu si ya kuaminika asubuhi. Niliingia ndani nikachukua penseli ya pili, ile mpya, nikachora mstari mwengine chini ya ule wa kwanza.

Baada ya siku nne yote miwili ilikuwa imekatika.

"Nyumbu wako anatembea," nikamwambia mezani. Alitoka na kijiko mkononi.

Jani la kwanza lilitoka Juni, baya kuliko uovu, vijani vyake vimekatika nusu kana kwamba mtu amepitisha mkasi, kwa sababu lilikuwa limeumizwa tangu halijazaliwa. La pili likatoka na upande mmoja mzima. La tatu lilikuwa kuti. Baba Nasra aliwaambia watu kazini. Babu Jirani alipitisha mkono kwenye pengo akaligusa, akasema sasa mti usivishwe kitu mpaka baridi ipite nyuzi 5 chini ya sifuri, na kamwe si pamba.

Wiki iliyopita mavyaa alipiga simu. Tukampeleka nje tumwonyeshe: nyumbu amepita kimo cha dirisha la jikoni, makuti yanaitikia upepo. Akatazama kwa muda mrefu, akiusogeza uso karibu na simu mpaka tukaona jicho moja tu.

"Mashaallah," alisema. "Makuti nayaona. Karara silioni. Utazaa lini?"

Baba Nasra alinitazama. Akanipa simu.

"Mama," nikasema, "hatukusikii vizuri. Mtandao unakatika."